Shaka wa SABC: shahidi mwenye maslahi kapewa kamera

Makamanda, leo mniruhusu nitoke kidogo kwenye habari za tume na majimbo. Nina hasira na tamthilia iliyonizidi umri.

Likizo hii nilikuwa nyumbani Songea. Binamu yangu ana flashi imejaa muvi, na humo ndani nikaikuta Shaka Zulu, ile ya 1986, sehemu zote kumi. Mliokulia vibanda umiza mnaijua. Ule wimbo wa Margaret Singana ukianza tu, hata muuza karanga anakaa chini. Mara ya kwanza niliiona nikiwa darasa la tano. Nilitoka pale najiona Mngoni kweli kweli, nikashika ufito na kuwakimbiza mbuzi wa jirani kwa mtindo wa pembe za nyati. Sasa nina miaka 22, nimeshakaa darasani na Sheria ya Ushahidi, nikaiangalia tena usiku mzima. Nilipozima ilikuwa inakaribia alfajiri, na nilikuwa nimenyong'onyea.

Kwanza niseme, tatizo si Henry Cele. Yule baba, aliyekuwa golikipa kabla ya kuwa mwigizaji, kasimama pale kama mninga. Akikutazama unajikuta umekaa vizuri kwenye kiti. Tatizo ni kamera imesimama upande wa nani. Shaka tunaletewa kwa macho ya Henry Fynn na Francis Farewell, Waingereza waliofika Port Natal, Durban ya leo, mwaka 1824. Wao wanafika, wanashangaa, wanaogopa, na sisi watazamaji tunaambiwa tuogope pale wanapoogopa wao. Shaka akibuni mbinu ya vita, pembeni yake lazima awepo mganga, fisi na unabii. Mzungu akifunga kidonda, hiyo ni elimu. Nikiwa darasa la tano sikuliona hilo, nilikuwa nahesabu mikuki.

Halafu Farewell mwenyewe. Kwenye tamthilia, wakubwa wa London wanakaa kikao na kumpa ujumbe wa kwenda kumtuliza mfalme hatari. Kwenye historia alikuwa luteni wa zamani wa jeshi la majini aliyekuwa anafukuzia pembe za ndovu. Gavana wa Cape, Lord Charles Somerset, alimkubalia afanye biashara, lakini akakataa kubariki habari ya kujitwalia ardhi. Farewell akafanya nini? Agosti 1824, Shaka akiwa ndiyo kwanza anapona jeraha la kuchomwa mkuki, likatokea karatasi lenye alama ya mfalme, linasema Port Natal na ardhi kubwa inayoizunguka ni mali ya Farewell na wenzake milele. Mfalme asiyesoma Kiingereza, mgonjwa, karatasi limeandikwa na anayefaidika. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyesinzia nusu ya kipindi cha mikataba angekuuliza: ridhaa huru iko wapi? Na sisi wa huku tusicheke sana, maana miaka 60 baadaye Carl Peters alipita Usagara na Uzigua na karatasi za aina hiyo hiyo, akirudi Berlin na alama za watemi wetu.

Hapo ndipo kungekuwa na tamthilia! Mfalme mwenye akili kali, anayewapima wageni wake, anayewatumia kwa bunduki na dawa huku wao wanamtumia kwa ardhi. Badala yake tumepewa mfalme anayezama kwenye kichaa polepole, na wageni wanaotikisa vichwa kwa huzuni.

Sasa tuje kwenye ushahidi, maana wapo watakaosema, "dada, si ndivyo ilivyoandikwa vitabuni?" Imeandikwa na nani? Mashahidi wawili wakubwa ni Fynn na Nathaniel Isaacs. Ipo barua ya mwaka 1832 ambayo Isaacs alimwandikia Fynn, akimshauri kwamba kwenye kitabu chake awachore Shaka na Dingane kuwa wamwaga damu kadiri anavyoweza na aweke idadi ya waliouawa, ili kitabu kinenepe na kivutie. Soma tena hapo. Shahidi anamfundisha shahidi mwenzake cha kusema! Na Fynn, kwa maelezo yaliyobaki, daftari lake la mwanzo lilizikwa pamoja na ndugu yake, ikabidi aandike upya kwa kumbukumbu miaka mingi baadaye. Kinachoitwa shajara yake kilichapishwa 1950. Yule yule Fynn ndiye anayetuambia kwamba Nandi, mama yake Shaka, alipofariki 1827, waliuawa watu 7,000 kwenye maombolezo. Elfu saba. Nani alihesabu, akiwa amesimama wapi? Sheria yetu ya Ushahidi inataka ushahidi wa mdomo uwe wa moja kwa moja, na hakimu mwenye akili timamu anampima kwa tahadhari shahidi mwenye maslahi. Hawa walikuwa wanadai ardhi. Kumfanya mwenye ardhi aonekane mnyama ilikuwa sehemu ya dai lao.

Wenye simulizi nyingine hawakukosekana. James Stuart, ofisa wa kikoloni huko Natal, alikaa na wazee kuanzia mwisho wa karne ya 19 akaandika maneno yao, na Magema Fuze alichapisha historia kwa Kizulu mwaka 1922. Kwa hiyo mwaka 1986 hakuna aliyelazimika kumtegemea Fynn. Walichagua.

Na walichagua wakati gani! SABC ni shirika la utangazaji la serikali, na serikali yenyewe ni ya makaburu. Juni 1986 wametangaza hali ya hatari nchi nzima, vitongoji vinawaka, watoto wanawekwa ndani. Wakati huo huo huku kwetu Mazimbu, Morogoro, vijana wa Afrika Kusini waliokimbia nchi yao wanasoma shule ya ANC. Ndipo hiyo televisheni inawaletea watu hadithi ya mtawala mweusi mwenye nguvu anayeishia kuwaangamiza watu wake mwenyewe. Sisemi mwongozaji aliandikiwa muswada na polisi. Nasema yule aliyekuwa anatafuta sababu ya kuogopa utawala wa watu weusi aliletewa sebuleni, jioni, na muziki mzuri juu yake.

Babu yangu alikuwa amekaa pembeni wakati naongea haya peke yangu mbele ya kompyuta. Akacheka. "Mke wangu," akaniambia, "unamtetea Shaka? Sisi tulimkimbia."

Nikanyamaza, kwa sababu kasema kweli. Zwangendaba na watu wake walitokana na upande wa Ndwandwe, upande uliopigwa na Shaka. Wakaondoka, wakavuka Zambezi 1835, Zwangendaba akafia Ufipa, na baadhi ya waliotokana na safari ile ndefu wakaishia hapa Songea. Na huku tulikofika hatukuingia kwa kugonga hodi, waulizeni majirani zetu Wamatengo. Kwa hiyo msinielewe vibaya. Wapo makamanda humu wanaoweka picha ya Shaka kwenye profaili na kuandika "baba wa Afrika", kana kwamba hakuwahi kumkosea mtu. Hapana. Aliua, alitawala kwa hofu, na Septemba 1828 ndugu zake wenyewe, Dingane na Mhlangana, wakamuua. Sisi tunaokataa kuimbiwa mapambio ya mtu mmoja hatuwezi kugeuka na kuimba ya kwetu. Ninachodai ni kesi isikilizwe upya, upande wa pili nao uitwe.

Mwaka 2023 Waafrika Kusini walijaribu, wakatoa Shaka iLembe, kwa Kizulu. Humo Nandi ni mtu kamili mwenye hasira na mipango, na falme za jirani zina siasa zao kabla Mzungu yeyote hajatokea. Nayo ina mapambo yake, msidhani naipa alama mia. Lakini angalau mtu anayepigwa mkuki anakuwa ameshaongea kwanza.

Haya yote yananichoma kwa sababu ya karibu zaidi. Mapema 1906 Wajerumani walimnyonga Nduna Songea Mbano hapa hapa kwetu, pamoja na viongozi wengine wa Majimaji, na inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Novemba 2023 Rais Steinmeier alikuja Songea akaomba msamaha mbele ya wajukuu. Kuna siku mtu atatengeneza tamthilia ya Songea Mbano, na fedha huenda zikatoka huko huko. Mwandishi wa muswada atakwenda kwenye mafaili ya maofisa walionyonga, maana ndiyo yaliyopangwa vizuri na yana mihuri. Lakini mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, watu wa umri wangu na wako, walitumwa vijijini kuwahoji wazee waliokumbuka Majimaji. Kazi yao ipo. Nimeanza kuitafuta, na babu nimemwekea simu mezani irekodi. Ameshaongea saa mbili, bado yuko Zambezi.