Maze, Kastoma wa Majuu Hana Till
Kibera kuna wasee wanachonga mifupa ya ng'ombe inakuwa hereni noma sana. Kawangware, mafundi wanashona mikoba ya kitenge. Ukiwa na tovuti, picha ziko fiti, lakini bei ni ya shilingi na kulipa ni Till ya M-Pesa tu, msee wa Berlin atalipa aje? Hiyo angalau ina dawa: tangu 2018 doh ya PayPal unaivuta hadi M-Pesa. Makato yanauma, lakini inaingia.

Shida yenyewe ni ushuru. Kitambo, mzigo wa chini ya dola 800 ulikuwa unaingia Marekani bure. Hiyo iliisha 29 Agosti 2025. Sasa kastoma analipia hereni, anatulia, halafu kampuni ya kusafirisha inamwitisha ganji ingine. Anakasirika, anakataa mzigo. Ukirudishwa unalipia tena, na pesa yake anaitaka.

So kabla umlipe mtu akubadilishie rangi za tovuti, andika hapo kwa bei, kwa dola, ushuru ni wa nani. Usiufiche huko chini. Mimi ningeuweka ndani ya bei, hata kama itaonekana imepanda. Mikoba nayo, pima kwa sentimita. "Saizi ya kati" ya Kawangware haijulikani Berlin.