Mjamzito asiache samaki, achague samaki

KWENYE mabanda ya samaki ya Feri, mjini Mtwara, mama mjamzito ni mteja kama wengine. Ndiyo maana kila unapozuka uvumi kwamba samaki wa baharini wana sumu inayomdhuru mtoto tumboni, hasara huwa ya watu wawili: mama anayekosa kitoweo na mchuuzi anayekosa riziki.

Sumu hiyo ipo kweli. Ni zebaki, madini yale yale ambayo wachimbaji wadogo wa Geita na Chunya huyatumia kukamatia dhahabu. Zebaki hufika baharini kwa hewa na kwa mito. Huko vijidudu vya kwenye matope na maji huigeuza kuwa zebaki ya methili, ambayo huingia kwenye nyama ya samaki.

Dagaa hubeba kidogo sana. Jodari hula dagaa na vibua wengi, naye papa hula wote hao na huishi miaka mingi. Kila hatua zebaki huongezeka. Kwa hiyo hoja si bahari, bali ni ukubwa wa samaki na chakula chake.

Kwa mjamzito zebaki hii hupita kwenye kondo la nyuma na kuathiri ubongo wa mtoto unaojengwa. Dunia ilijifunza hilo huko Minamata, Japani, ambako ugonjwa uligunduliwa mwaka 1956 baada ya kiwanda kumwaga zebaki baharini. Baadhi ya watoto walizaliwa na ulemavu ilhali mama zao hawakuonekana wagonjwa.

Hata hivyo, kumkataza mjamzito samaki wote ni kosa. Samaki humpa protini, madini joto na mafuta yanayojenga ubongo huo huo wa mtoto. Kwa kaya ya Msimbati au Msangamkuu, akiondolewa samaki, mara nyingi kinachobaki sahanani ni ugali wa muhogo na mboga.

Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani inashauri wajawazito wale gramu 225 hadi 340 za samaki wenye zebaki kidogo kwa wiki, yaani milo miwili au mitatu. Kwa ukanda huu hao ni dagaa, vibua, kamba, kaa na ngisi. Jodari, nguru na chewa wakubwa wasizidi mlo mmoja kwa wiki. Papa na nduwaro waachwe hadi mama amalize kunyonyesha.

Papa mkavu naye yumo. Kuanika, kutia chumvi, kukaanga au kuchemsha hakuondoi zebaki. Maji yakikauka, kilo moja ya ng'onda hubeba zebaki nyingi kuliko kilo ya papa mbichi.

Aidha, zebaki haitoki kwa samaki tu. Katika miaka ya 1990, watafiti waliopima nywele za wakazi wa eneo la Ziwa Victoria walikuta viwango vikubwa kwa baadhi ya watu waliotumia sabuni za kung'arisha ngozi. Mjamzito anayeacha dagaa huku akijipaka mkorogo amekimbia hatari ndogo na kukumbatia kubwa.

Kwa wachuuzi somo ni la kibiashara. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga soko kwa samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu ya kuulia wadudu, na wavuvi waliofuata sheria waliumia pamoja na wakosaji. Mwaka 2018 viwango vya kimataifa vya Codex viliweka kikomo cha zebaki ya methili: miligramu 1.2 kwa kilo ya jodari na 1.6 kwa kilo ya papa.

Wahenga walisema samaki mmoja akioza wote wameoza. Kwa zebaki si hivyo. Mchuuzi anayemwelekeza mjamzito kwenye fungu la dagaa badala ya kipande cha papa hapotezi mauzo, na mteja huyo atarudi.