Magari ya Japani yana namba yake

Nina jambo kwa sisi tunaonunua magari yaliyotumika Japani. Gari lililotengenezwa kwa soko la huko kwa kawaida halina ile namba ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 17. Lina namba fupi ya chasisi yenye kistari katikati. Tovuti ya Marekani ya kukagua magari yaliyoitwa kurekebishwa kwa kasoro ikiikataa namba hiyo, msidhani gari ni salama. Itafuteni kwenye tovuti ya Kijapani ya kampuni iliyolitengeneza. Angalieni hasa eabegi zilizotengenezwa na kampuni ya Takata: kemikali iliyomo huharibika kwa miaka ya joto na unyevu, na ikilipuka hurusha vipande vya chuma. Ndugu zangu wa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, hiyo ndiyo hali yetu ya hewa. Mwombeni muuzaji namba ya chasisi kabla hamjalipa.