Zamu ya Asubuhi
Muuguzi kijana akaaye Kutus na kufanya kazi hospitali ya Kerugoya hana budi kutoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza, wakati baridi ishukayo kutoka Mlima Kenya ingali imetanda juu ya mikahawa, na matatu ya kwanza ikingoja ijae abiria. Na mwili, ambao tangu azali umezoea kulala usiku, hautii amri ya saa ya ukutani, bali huasi kwa majuma. Wakubwa zake humwambia kuwa atazoea, na kwa hakika wengi huzoea, ijapokuwa sioni faraja iliyomo katika jawabu hilo. Lakini uchovu si kitu mbele ya shaka iingiayo moyoni baadaye: maadamu wauguzi wa Kenya waligoma tangu Juni hadi Novemba mwaka 2017 wakidai mkataba wa malipo yao, miaka minne tu baada ya huduma za afya kukabidhiwa serikali za kaunti, na maadamu mwaka 2021 serikali yenyewe ilitia sahihi mapatano na Uingereza ili wauguzi waende kufanya kazi huko, kijana huyu anayempima mgonjwa joto huku macho yakimwasha kwa usingizi ana haki ya kujiuliza kama alisomea kazi au alisomea safari. Uuguzi ni wito, husema walio na mishahara ya kutosha; nami simlaumu hata kidogo akienda, siku yake ya mapumziko, kuulizia pasipoti.