UCHAMBUZI: Kiwanda Chataka Protini ya Soya, Mkulima Hulipwa kwa Kilo

Na Mwandishi Wetu

Kila msimu wa kilimo unapokaribia, wakulima wa soya wa Ruvuma, Songwe, Mbeya na Njombe husoma taarifa za mbegu bora wakitafuta jambo moja: aina hii inatoa kilo ngapi kwa ekari? Swali hilo ni la haki, kwa kuwa bei hutajwa kwa kilo, iwe kwenye mnada wa stakabadhi ghalani au kwa mnunuzi wa kijijini. Kiwanda cha chakula cha mifugo kina hesabu nyingine. Hicho hutafuta protini ya kulishia kuku na samaki, na kiasi chake hutofautiana kati ya aina moja ya soya na nyingine.

Punje kavu ya soya hubeba wastani wa asilimia 40 ya protini na asilimia 20 ya mafuta. Maharage ya kawaida hubeba protini ya takriban asilimia 20 hadi 25 tu. Kiasi hicho hurithiwa, ingawa si kupitia jeni moja. Jeni nyingi huchangia kidogo kidogo, na udongo na mvua navyo vina sehemu yake.

Hata hivyo, mwaka 1992 watafiti nchini Marekani, baada ya kuchanganya soya ya shambani na soya mwitu ya Asia Mashariki, walitambua eneo moja la vinasaba lenye nguvu ya pekee, ambalo leo linajulikana kuwa katika kromosomu ya 20. Kuifikia jeni yenyewe kulichukua miaka 30. Mwaka 2022 ilibainishwa kwamba soya nyingi zinazolimwa zina kipande cha ziada cha herufi 321 za vinasaba kilichojipenyeza ndani ya jeni hiyo. Soya mwitu iliyotumika haina kipande hicho, na protini yake ni nyingi zaidi. Inaelekea kwamba wakulima wa kale wa China, kwa kuchagua punje kubwa zenye mafuta, waliiacha nyuma sehemu ya protini bila kukusudia.

Kwa nini basi protini hiyo isirudishwe mara moja? Kwa sababu ina gharama. Protini inapopanda, mafuta hushuka, na mara nyingi mavuno nayo hupungua. Tuchukue mfano wa hesabu: aina ya kwanza inatoa kilo 2,000 kwa hekta zenye protini asilimia 38, na ya pili inatoa kilo 1,800 zenye asilimia 42. Ya kwanza imezalisha kilo 760 za protini, ya pili kilo 756. Kwa kiwanda, tofauti ni ndogo mno, tena mzigo wa pili ni mwepesi kusafirisha. Kwa mkulima anayelipwa kwa uzito, kilo 200 zimepotea bila fidia. Mkulima wa namna hiyo akikataa mbegu yenye protini nyingi hajakosa elimu. Amepiga hesabu vizuri.

Hapa ndipo uchambuzi wa vinasaba unaposaidia. Mtafiti hukata kipande cha jani la mche mchanga, akapima kama umerithi sura ya jeni inayotakiwa, na kuiondoa miche isiyofaa kabla haijatoa maua. Hivyo anaweza kufuatilia protini na mavuno kwa pamoja, akitafuta miche michache inayokiuka kanuni. Njia hii isichanganywe na uhandisi jeni, kama inavyotokea mara kwa mara katika mijadala yetu: uzao unatokana na uchavushaji wa kawaida, na kipimo husaidia kuchagua tu. Kwa kuwa soya hujichavusha, sifa iliyokwisha kuimarika hubaki pia katika mbegu ambayo mkulima ameitunza mwenyewe.

Kwa Tanzania, suala hili si geni wala dogo. Soya ilifika nchini mwaka 1907 katika kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, wakati wa utawala wa Wajerumani. Kituo cha TARI Uyole, Mbeya, kimetoa aina zinazolimwa leo, zikiwemo Uyole Soya 1 na Uyole Soya 2. Mwaka 2020 China ilifungua soko lake kwa soya yetu, na wanunuzi wa huko hukamua mafuta na kubakiza mashudu ya mifugo, ambayo thamani yake imo katika protini.

Kipimo cha ghalani hakihitaji maabara kubwa. Vipo vifaa vya mwanga wa infraredi vinavyosoma protini ya punje kwa dakika chache bila kuisaga, na nchini Australia ngano hulipwa kwa madaraja ya protini. Mnunuzi wa soya akianza kulipa nyongeza kwa kila asilimia, aina ya pili katika mfano wetu itapata walimaji. Kabla ya hapo, njia nafuu zaidi ya mkulima ni kuchanganya mbegu na bakteria wanaotengeneza vifundo kwenye mizizi, kwa sababu protini hujengwa kwa naitrojeni, na mmea usio na vifundo hai hauwezi kuonesha hata kile ilichojaliwa na vinasaba vyake.