Kaunti, Njooni Mkague Swichi, Mfuko Wangu Muuache

Wasomaji wangu, leo naweka programu kando kidogo. Nina ungamo la kutoa.

Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, hata uwanja wa ndege wa JKIA ukaingia giza. Mimi nilikuwa nyumbani hapa Nairobi, na kazi ya mteja ilitakiwa asubuhi. Stima ikapotea tena hivyo hivyo Novemba, na tena Desemba. Nikasema imetosha. Nikanunua jenereta ndogo ya petroli, nikaita fundi.

Fundi akaja na waya wenye plagi pande zote mbili. Upande mmoja kwenye jenereta, upande wa pili kwenye soketi ya ukutani. "Bosi, wewe zima swichi kuu kwanza, halafu uwashe jenereta. Nyumba yote itawaka. Hizo swichi zingine ni za kukumalizia pesa tu." Nikamlipa, nikafurahi. Nimesomea sayansi ya kompyuta miaka minne, na sikumuuliza swali hata moja!

Siku moja nikasahau kuzima swichi kuu. Jenereta ikanguruma, ikakohoa, ikazimika. Ndipo nikaenda kusoma kilichotokea, na jasho likanitoka.

Stima yangu ilikuwa imetoka nje ya nyumba, ikaenda mtaani. Jenereta ilizidiwa na mzigo wa majirani wote, ndiyo maana ikazimika. Bahati yangu. Lakini tuseme waya ungekuwa umekatika hapo karibu na nyumba yangu. Majirani hawangekuwa kwenye laini, mzigo ungekuwa mdogo, na jenereta ingeendelea kunguruma vizuri tu. Stima ikirudi nyuma hadi kwenye transfoma, ile 240 inapandishwa hadi volti 11,000. Na nani anapanda nguzo wakati huo? Ni kijana aliyetumwa kutengeneza laini, anayeamini kuwa imezimwa. Tena, plagi ya upande wa ukutani ikichomoka huku jenereta inawaka, meno yake yako wazi na yana stima. Mtoto akiyashika, basi.

Sisi waandishi wa programu tunalijua jambo hili. Programu mbili hazifai kuandika kwenye faili moja kwa wakati mmoja. Na hatumwambii mtumiaji "tafadhali ukumbuke", tunaweka kufuli. Kwa stima, kufuli hiyo ni swichi ya chenjiova: iko upande wa Kenya Power, au upande wa jenereta, haiwezi kuwa pande zote mbili. Fundi wangu alinipa "tafadhali ukumbuke".

Sasa, hili linaihusu vipi serikali ya kaunti?

Sheria ya Kawi ya 2019 haimdai leseni ya uzalishaji mtu anayejizalishia stima isiyozidi megawati 1. Ni sawa kabisa, sitaki kibali cha kuwasha taa yangu. EPRA nayo hutoa leseni kwa mafundi wa stima na wa sola. Pia ni vizuri. Lakini leseni humfuata fundi aliyeiomba. Yule aliyekuja kwangu na waya wake kwenye mfuko wa plastiki, nani angemkuta? Ofisi ya kitaifa haiwezi kufika kwenye kila ploti ya Kahawa au Umoja.

Kaunti inaweza. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti usambazaji wa stima na gesi pamoja na udhibiti wa kawi katika mipango yao, na pia kazi ya kuzima moto. Wakaguzi wa majengo ni wao. Magari ya zimamoto ni yao. Nyumba ikiwaka, ni wao wanaoitwa.

Najua mnachowaza: kanjo! Ukimpa kanjo sababu ya kubisha mlango, kesho kuna ada ya jenereta, keshokutwa ada ya betri, na katikati kuna chai. Hofu hiyo ninayo hata mimi. Na si suala la pesa tu. Mkiweka ada, watu wataficha. Betri itahamishiwa chini ya kitanda na jenereta itawashwa jikoni, milango imefungwa. Sheria itakuwa imeua zaidi ya ilivyookoa.

Kwa hiyo nataka sheria fupi, ukurasa mmoja:

1. Jenereta au inveta yoyote inayolisha waya za nyumba iwe na chenjiova au kifaa kinachofanya kazi hiyo. Waya wa plagi mbili upigwe marufuku.

2. Jenereta ikae nje, mbali na madirisha. Moshi wake una kaboni monoksaidi, haina harufu, na inaua watu usingizini. Roshani na korido za fleti si nje.

3. Betri zisiwekwe kwenye ngazi wala njia ya kutokea. Zile za risasi na asidi hutoa haidrojeni zikichajiwa, zinahitaji hewa. Za lithiamu zikishika moto zinaweza kuwaka tena baada ya kuzimwa.

4. Kibandiko kwenye mita: "Nyumba hii ina stima nyingine." Kitolewe bure, ili zimamoto na mafundi wa laini wajue.

Taa za sola na vifaa vidogo vya kuchajia simu vyote visiguswe. Kusiwe na ada ya kila mwaka. Katika nyumba za kupanga, wajibu wa chenjiova uwe wa landilodi, maana mpangaji hana ruhusa ya kugusa boksi la mita. Na mkaguzi akikuta kosa mara ya kwanza, atoe siku 30 za kurekebisha, si faini.

Waya wangu wa plagi mbili niliukata kwa koleo. Chenjiova ilinigharimu pesa kidogo kuliko simu niliyonayo mfukoni. Ningeweza kuiweka siku ile ya kwanza kama kuna mtu angenilazimisha. Hakuna aliyenilazimisha, na yule kijana wa kwenye nguzo hangejua hata jina langu.