Nani anatunza nyaraka za siasa za Kaskazini Mashariki?

Mwishoni mwa 1962, wajumbe wawili wa serikali ya Uingereza walizunguka eneo la Mpaka wa Kaskazini, maarufu kama NFD, wakiwauliza wakazi iwapo walitaka kubaki Kenya baada ya uhuru au kujiunga na Somalia. Mmoja alikuwa mwanasheria kutoka Nigeria, G.C.M. Onyiuke. Mwenzake alikuwa mwanajeshi wa Canada, Meja Jenerali M.P. Bogert. Ripoti yao, iliyotolewa Desemba mwaka huo, ilibaini kwamba Wasomali, ambao ndio waliokuwa wengi katika sehemu kubwa ya eneo hilo, walitaka kujitenga. Machi 8, 1963, Waziri wa Makoloni Duncan Sandys alitangaza kinyume cha hayo: eneo hilo lingekuwa jimbo la saba la Kenya.

Ripoti hiyo inasomeka hadi leo. Lakini anayetaka kujua chama kilichowakusanya maelfu ya watu mbele ya tume hiyo kilijadili nini katika vikao vyake vya ndani, nani alilipa ada ya uanachama na nani alipinga, atatafuta sana. Northern Province People's Progressive Party, NPPPP, kilizaliwa 1960, pale serikali ya kikoloni ilipoondoa marufuku ya siasa za vyama katika eneo hilo. Kabla ya hapo, chama cha Somali Youth League kilikuwa kimepigwa marufuku 1948. Tunachokijua kuhusu vyama vyote viwili kimetokana zaidi na taarifa za wakuu wa wilaya, ripoti za majasusi wa polisi na barua za magavana kwenda London. Kwa maneno mengine, historia ya vyama hivyo imeandikwa na watu waliolipwa mshahara wa kuvichunga.

Hili si suala dogo la wanahistoria. Katika faili za maafisa, NPPPP huonekana kuwa chama cha Wasomali kilichoongozwa kutoka Mogadishu. Ilhali rais wake, Wako Hapi, alikuwa Mborana. Kwa nini Mborana aliongoza chama hicho, na Waborana wengine wakaunga mkono upande uliotaka kubaki Kenya? Daftari za chama zingetupa jibu. Afisa wa wilaya, aliyezoea kupanga watu kwa makabila na kuwagawia visima kwa mpangilio huohuo, hakuwa na sababu ya kuliuliza swali hilo.

Aidha, kuna tatizo la lugha. Kisomali hakikuwa na maandishi rasmi hadi 1972, pale serikali ya Mogadishu ilipoamua kutumia herufi za Kirumi. Siasa za Garissa, Wajir na Mandera wakati wa kudai uhuru ziliendeshwa kwa mdomo: hotuba, mashairi, vikao vya wazee chini ya mti. Kilichoingia katika karatasi ni kile ambacho mkalimani wa serikali alikisikia na bwana wake akakiona kinafaa kuandikwa. Tafsiri ya tafsiri hiyo ndiyo tunayoiita ushahidi.

Mgawanyo wa mipaka nao uliongeza mkanganyiko. Makao makuu ya NFD yalikuwa Isiolo. Jimbo jipya lilipoundwa 1963, Isiolo, Marsabit na Moyale ziliwekwa Mashariki, na Garissa, kando ya Mto Tana, ikawa makao ya Kaskazini Mashariki. Hivyo harakati moja ya kisiasa imegawanyika katika mafungu mawili ya faili, moja la mikoa ya Mashariki na jingine la Garissa. Nakala nyingine zilivuka bahari. Katika miaka ya 1960, ripoti za kila mwaka za mikoa na wilaya zilinakiliwa katika mikrofilamu na kupelekwa Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani. Na mnamo 2011, katika kesi ya wazee wa Mau Mau, serikali ya Uingereza ililazimika kukiri kwamba ilikuwa imeficha huko Hanslope Park maelfu ya faili kutoka makoloni yake 37 ya zamani, zikiwemo takriban 1,500 za Kenya. Sasa zinasomwa Kew, London. Mwanafunzi wa Mandera anahitaji viza ili asome habari za babu yake.

Wengi hulaumu ukoloni na kuishia hapo. Lakini serikali huru nayo ina hesabu yake. Hali ya hatari ilitangazwa katika eneo hilo Desemba 28, 1963, wiki mbili tu baada ya uhuru, na sheria zake maalumu ziliendelea kutumika hadi 1991. Baadhi ya viongozi wa NPPPP waliwekwa kizuizini, wengine wakakimbilia Mogadishu. Sheria ya 1970 iliwakinga maafisa wasishtakiwe kwa matendo yao ya tangu Desemba 25, 1963 hadi Desemba 1, 1967. Pale ambapo hakuna kesi, hakuna jalada la mahakama, wala hakuna anayelazimika kutunza barua.

Chukua mfano wa Wagalla. Februari 1984, wanaume wa Wajir walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla na wengi wakauawa. Bungeni, serikali ilitaja vifo 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya 2013, ilikaribia elfu moja. Tofauti hiyo ingepaswa kuamuliwa na kumbukumbu za vikao vya kamati za usalama za wilaya na mkoa. Sheria ya nyaraka za umma huruhusu rekodi kufunguliwa baada ya miaka 30, na miaka hiyo ilikwisha 2014. Sheria ya kupata habari nayo imekuwapo tangu 2016. Familia zingali zinasubiri.

Katika giza hilo, chanzo bora cha sauti ya mwanasiasa wa Kaskazini Mashariki ni Hansard. Humo ndimo marehemu Ahmed Mohamed Khalif, aliyefariki katika ajali ya ndege Busia mnamo Januari 2003 akiwa Waziri wa Leba, anasomeka akiibana serikali kuhusu Wagalla kwa maneno yake mwenyewe. Lakini Hansard ni hotuba ya hadharani. Barua za mbunge kwa wazee wa eneo lake, orodha ya waliomchangia, rasimu aliyoifuta: hivyo vimo masandukuni majumbani, kama bado vimo.

Canada anakotoka Jenerali Bogert inatoa mfano wenye manufaa. Mkoa wa Saskatchewan ulijitungia sheria ya nyaraka 1945, na hifadhi yake ina karatasi za Tommy Douglas, aliyekuwa kiongozi wa mkoa huo kuanzia 1944 hadi 1961, pamoja na zile za chama chake cha CCF. Hazikusubiri kukubaliwa na mji mkuu Ottawa. Hapa kwetu, mfano wa karibu ni Joseph Murumbi, Makamu wa Rais wa pili, ambaye mkusanyiko wake wa vitabu na nyaraka unahifadhiwa katika jengo la Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, Nairobi. Ni mfano mwema, ila uko Nairobi, yapata kilomita elfu moja kutoka Mandera.

Ugatuzi ulipoanza 2013, mabaraza ya miji na wilaya yalivunjwa na mkuu wa mkoa akatoweka katika muundo wa serikali. Faili za madiwani zilirithiwa na kaunti, za mkuu wa mkoa zikabaki kwa maafisa wa serikali ya kitaifa. Katiba imezipa kaunti maktaba na makumbusho. Bunge la Kaunti ya Garissa, likishirikiana na lile la Wajir na la Mandera, linaweza kutunga sheria ya hifadhi ya pamoja na kukikabidhi Chuo Kikuu cha Garissa kazi ya kuorodhesha, kurekodi kanda na kuwalipa waandishi wanaojua Kisomali na Kiborana. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na ile ya magari ya wakubwa.

Kuna kejeli fulani hapa. Wakazi wa mkoa huu ndio walioagizwa 1989 kupigwa msasa ili wathibitishe ukoo wao, na kwa miaka mingi baadaye vijana wao walihojiwa kuhusu babu na nyanya zao kabla ya kupewa kitambulisho. Dola iliyowadai karatasi hizo haijawaonyesha zake.

Wakati huohuo, kijana aliyekuwa na miaka 20 alipojiunga na NPPPP mwaka 1960 ameshapita 85.